Deni Lililowafuata Wahusika Wawili: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu Tanzu Iliyotengenezwa Mbeya

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha watengeneza filamu wa jijini Mbeya ambacho kiliwachukua wahusika wawili wa pembeni kutoka katika tamthilia yake na kuwatengenezea filamu yao wenyewe, ya vichekesho na mapigano, ambamo mahasimu wasiopatana kwa lolote wanalazimika kufanya kazi bega kwa bega. Filamu ya namna hii, inayochipuka kutoka katika kazi iliyotangulia, nitaiita filamu tanzu, na ile iliyoizaa nitaiita kazi mama. Nilishiriki nikiwa msomaji wa muswada tangu rasimu ya kwanza, na baadaye nilikaa na mhariri wa picha hadi kazi ilipokamilika. Majina ya watu, ya kikundi na ya kazi zenyewe yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa, lakini mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Kazi mama ilikuwa tamthilia ya vipande vifupi iliyorushwa mtandaoni, ikisimulia ugomvi wa urithi katika familia ya wenye malori pale Uyole, mahali ambapo viazi mviringo kutoka Umalila na Rungwe hukusanywa kabla ya kupakiwa kuelekea Dar es Salaam. Pembeni mwa ugomvi huo walikuwapo watu wawili. Dalali, Mnyakyusa wa makamo mwenye maneno mengi, hakuonekana bila daftari la madeni kwapani. Tingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori, kijana wa Kihehe, alikuwa mkimya na mwenye mabega mapana, na maisha yake mengi yalikuwa yamepita juu ya turubai la lori kati ya Tunduma na pwani. Katika kipande kimoja wawili hao waligombana juu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa nyavu juu yake. Dalali alishikilia kwamba hilo ni gunia moja. Tingo, ambaye ndiye aliyelibeba begani, alilitua chini, akalizunguka polepole kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema ni mawili. Kwa kuwa kila mkulima wa nyanda za juu anajua kwamba sheria ya vipimo inataka mzigo usiozidi kilo 100, na anajua pia jinsi sheria hiyo inavyopindwa mbele ya macho yake, mabishano yale ya dakika zisizozidi tatu yaliwagusa watazamaji kuliko ugomvi wote wa urithi. Maombi ya kutaka kuwaona tena wawili hao hayakukoma, na kikundi kikaamua kuwapa filamu.

Jambo moja lilisahaulika wakati wa uamuzi huo, nalo ndilo kiini cha kisa hiki. Katika vipande vya mwanzo vya tamthilia, Tingo aliuza usiku, njiani, magunia kumi na moja ya mama mmoja mjane, na Dalali aliyanunua alfajiri bila kuuliza yametoka wapi. Mama huyo alionekana mara mbili tu: mara ya kwanza akihesabu magunia yake kabla ya safari, mara ya pili akihesabu tena na kukuta yamepungua. Baada ya hapo hadithi iligeukia urithi, na suala lake halikurudiwa tena.

Rasimu ya kwanza na onyesho la majaribio

Mwandishi wa rasimu ya kwanza alikuwa amevutiwa sana na filamu ya Marekani ya mwaka 2019, Hobbs & Shaw, iliyoongozwa na David Leitch, na hakulificha hilo. Kwa asiyeikumbuka, filamu hiyo ni tanzu ya mfululizo wa Fast & Furious. Iliwachukua Luke Hobbs, aliyeigizwa na Dwayne Johnson na kuingia katika mfululizo huo mwaka 2011, na Deckard Shaw, aliyeigizwa na Jason Statham na kuwa adui mkuu katika filamu ya mwaka 2015. Ikawalazimisha kushirikiana dhidi ya Brixton, aliyeigizwa na Idris Elba, mtu aliyeongezewa mitambo mwilini hadi akawa na uwezo unaozidi wa binadamu wa kawaida.

Muswada wa Mbeya ulifuata njia ileile. Kulikuwa na tajiri katili kutoka Dar es Salaam, dada aliyetekwa, bastola, na saa chache za kumwokoa. Dalali na Tingo walilazimika kuungana kwa sababu tajiri aliwatishia wote wawili kifo. Sehemu ya kwanza ilipigwa picha kwa siku sita, ikahaririwa, kisha ikaonyeshwa katika kibanda umiza kimoja cha Mwanjelwa, yaani banda dogo la mtaani la kuonyeshea video, ambacho mwenye nacho alikubali kukitoa asubuhi ya siku ya kazi. Walioalikwa walikuwa madereva wa bajaji, wauza mitumba, mama lishe wawili na vijana wa mtaani ambao huja pale kila siku.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikiandika dakika ambazo watu walicheka. Kwa muda wa dakika ishirini hivi walicheka mfululizo, hasa pale Dalali anapomsalimia Tingo "ugonile" kwa sauti ya mtu anayetangaza bei, na Tingo anamjibu "kamwene" bila kumtazama. Kisha tajiri akaingia na bastola yake, na kibanda kikanyamaza, na kimya hicho hakikuwa cha hofu, kwani watu wawili walitoka nje kupokea simu na hawakurudi. Picha ilipokwisha, mwongozaji aliuliza maoni. Mama lishe mmoja, ambaye alikuwa ameifuatilia tamthilia tangu mwanzo, alijifunga khanga upya kiunoni, akasema, "Mimi nawapenda wote wawili. Lakini yule mama wa viazi mmemweka wapi? Huyu kijana amekula magunia kumi na moja, leo mnataka nicheke naye."

Mwongozaji alimshukuru, akapita kwa mtu mwingine. Wengine wakalirudia swali lilelile kwa maneno yao, na dereva mmoja wa bajaji akaongeza kwamba hata tajiri yule angewaua wote wawili, yeye asingesikitika sana.

Maamuzi na sababu zake

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Mtayarishaji alitaka kuendelea, kwa hoja kwamba fedha za siku sita zilikuwa zimekwisha kutumika na kwamba mtazamaji mpya, asiyeijua kazi mama, asingeuliza habari za mjane. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, waliosababisha filamu hii iwepo ni watazamaji wa kazi mama, na hao ndio walioingia kibandani wakiwa wamebeba kumbukumbu ya magunia. Nilisema wakati ule, na bado naamini, kwamba mtu anayemtoa mhusika katika hadithi moja na kumpeleka katika nyingine humhamisha pamoja na madeni yake.

Mfano ulikuwa mbele yetu katika filamu ileile iliyoigwa. Shaw aliingia katika mfululizo wa Fast & Furious akiwa muuaji wa Han, mhusika aliyependwa sana, na alipoanza kuchukuliwa kama mtu wa upande wa mashujaa bila kulilipia jambo hilo, mashabiki wengi walilalamika kwa miaka. Filamu ya mwaka 2019 ilijenga ucheshi na mapigano mazuri juu ya deni lililokuwa wazi. Mwaka 2021 mfululizo mkuu ulimrudisha Han akiwa hai, na katika kipande kifupi kilichowekwa baada ya hadithi kwisha ukaonyesha Shaw akifungua mlango na kumkuta Han amesimama mbele yake. Wenye fedha nyingi wanaweza kusubiri miaka miwili na kumfufua mtu. Kikundi cha Mbeya kilikuwa na nafasi moja tu.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kumwondoa tajiri wa Dar es Salaam na kumfanya mjane ndiye anayewalazimisha. Katika muswada mpya, mama huyo anafika sokoni Uyole akiwa na mjumbe wa mtaa. Analichukua daftari la madeni la Dalali, ambalo bila hilo hawezi kumdai mtu yeyote, na anaichukua leseni ya udereva ambayo Tingo ameipata juzi tu baada ya miaka mingi ya kuwa tingo. Anawaambia kwamba lori lililobeba mbegu zake za viazi limepotea kati ya Mbeya na Iringa, na kwamba watakapolileta ndipo watakapopata vitu vyao na kufutiwa magunia kumi na moja. Kama hawataki, atakwenda polisi na kesi mbili, moja ya wizi na nyingine ya kununua mali ya wizi.

Hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Dalali anawajua wanunuzi wote hadi Makambako na Mafinga, anajua nani ananunua usiku na kwa bei gani, lakini hajawahi kushika usukani. Tingo anajua kila kona ya barabara, anaitambua injini ya lori kwa mlio wake kabla halijatokeza, lakini hawezi kumbembeleza mtu wala kusema uongo bila kutoa jasho. Kila mmoja ana nusu ya kazi, na kila mmoja anamchukia mwenzake kwa sababu kila amwonapo anaikumbuka aibu yake mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulihusu waigizaji. Walikuwa wametoka katika vikundi viwili vya sanaa ambavyo hapo zamani vilikuwa kimoja, na tangu mgawanyiko huo walikuwa hawasemezani. Mwongozaji alidhani uhasama huo ungeisaidia kamera, akawaruhusu kutukanana kwa maneno yao wenyewe. Siku ya nne mmoja alimtaja marehemu baba wa mwenzake. Upigaji picha ulisimama hadi kesho yake, na nusura filamu ife.

Aliyeiokoa ni mpiga picha, mtu mzima kuliko wote pale, ambaye alilizungumzia jambo hilo kwa njia ya utani. Wahehe na Wangoni, alisema, walipigana vita vikali mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na leo ni watani. Lakini mtani hapewi ruhusa ya kusema lolote. Kwenye msiba anakuja na kejeli zake, anaigiza marehemu alivyotembea, anadai apewe kuku, na wakati huohuo ndiye anayeshika jembe, anayechota maji, anayekaa hadi watu wanapoondoka, na ni kazi hiyo inayoipa kejeli yake uhalali. Baada ya mazungumzo hayo kila mwigizaji aliandika kwenye karatasi mambo ambayo mwenzake anaruhusiwa kumkejeli nayo, na mambo ambayo hayaguswi. Karatasi ya aliyeigiza Tingo ilikuwa na mistari mitatu tu, na mmojawapo ulisema: "Masikio yangu, sawa."

Masikio hayo yakawa kichekesho kikubwa kuliko vyote katika filamu.

Uamuzi wa tatu ulihusu mapigano na mbio. Mpango wa awali ulikuwa kupiga picha za malori yakifukuzana katika mteremko wa Kitonga, na uliachwa, kwa haki kabisa, kwa kuwa barabara hiyo ya TANZAM ni njia kuu ya malori yaendayo Tunduma na nchi jirani, ina kona kali na bonde upande mmoja, na hakuna kikundi cha ukubwa huo ambacho kingeweza kuifunga. Badala yake zilitumika bajaji mbili katika barabara ya mtaa yenye mteremko, Jumapili alfajiri, kwa ridhaa ya uongozi wa mtaa na baada ya kibali cha Bodi ya Filamu kupatikana. Bajaji hazikuzidi mwendo wa mtu anayekimbia. Kamera ilifungwa chini, karibu na gurudumu, na kasi ikatengenezwa mezani kwa kukata picha na kwa sauti ya injini.

Hata hivyo, katika jaribio la kwanza, lililofanyika Aprili wakati mvua hazijaisha, bajaji moja iliteleza kwenye matope na kulala ubavu, na msaidizi wa kamera akaumia kifundo cha mkono. Hakuna aliyekuwa amepima ardhi asubuhi ile. Kazi ilihamishiwa Juni, ambapo ardhi ni kavu na baridi ya Mbeya inaifanya pumzi ya mtu ionekane asubuhi. Pumzi hizo, zikitoka midomoni mwa Dalali na Tingo wakiwa wamebanana katika bajaji moja bila kutazamana, zimebaki kuwa picha ninayoipenda kuliko zote katika kazi ile.

Matokeo

Filamu ilikamilika ikiwa na urefu wa dakika 84. Ilirudishwa kwanza katika kibanda kilekile cha Mwanjelwa, ikaonyeshwa jioni tatu katika ukumbi mmoja wa kijamii, kisha ikawekwa mtandaoni. Gharama za kupiga picha zilirudi, lakini fedha za siku sita za mwanzo hazikurudi. Yule mama lishe alialikwa tena, akakaa mstari wa mbele, na pale mjane anapolifungua turubai na kuhesabu magunia ya mbegu kwa kidole, moja baada ya jingine, kibanda kizima kilihesabu naye kwa sauti.

Waigizaji wawili hawakuwa marafiki. Wanasalimiana, na mmoja alifika kwenye msiba wa nyumbani kwa mwenzake mwaka huohuo, akapika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kuunganisha mambo matatu ambayo rasimu ya kwanza iliyatenganisha: sababu ya uhasama, nguvu inayowalazimisha kuungana, na malipo ya mwisho. Katika rasimu ya kwanza walichukiana kwa sababu ya lumbesa, wakaungana kwa sababu ya bastola, wakashinda kwa kumpiga tajiri. Mambo hayo hayahusiani, na ndiyo maana kibanda kilinyamaza bastola ilipoingia, kwani hadithi waliyoipenda ilikuwa imeondoka chumbani. Katika rasimu ya pili mambo yote matatu yanatoka katika magunia kumi na moja.

Filamu ya mwaka 2019 inaweza kufundisha hapa pia, kwa upande wake mzuri. Kinachowaleta Hobbs na Shaw pamoja ni Hattie, dada wa Shaw, ambaye amejidunga virusi hatari ili visichukuliwe na Brixton, kwa hiyo kinachotafutwa na dunia nzima kimo ndani ya damu ya ndugu wa mmoja wao. Katika pambano la mwisho wanagundua kwamba Brixton anaweza kulisoma shambulio la mtu mmoja lakini si la watu wawili, na hivyo mmoja anakubali kupokea ngumi ili mwenzake apate kupiga, kisha wanabadilishana. Ushirikiano wao unaonekana katika mwili, bila hotuba.

Kikundi cha Mbeya kilichukua kanuni hiyo na kuliacha tukio lenyewe. Katika nyanda za juu kuna pigo ambalo mtu wa soko huliogopa kuliko ngumi, yaani kuaibishwa mbele ya wenzake wa kazi. Kwa hiyo pale Makambako, mbele ya madalali anaofanya nao biashara kwa miaka, Dalali anasimama katikati ya soko na kukiri kwa sauti kubwa kwamba aliwahi kununua viazi vya wizi, ili watu wote wamgeukie yeye, na Tingo apate dakika moja ya kupanda juu ya lori na kuangalia chini ya turubai. Tingo anasikia kila neno akiwa juu. Anaporudi hamwambii kitu. Mwongozaji alitaka kuongeza mazungumzo ya kushukuriana hapo, na mhariri wa picha akakataa. Alikuwa sahihi.

Makosa hayakukosekana. Aliyeiba lori la mbegu hana uso wa kutosha. Ni mtu tu anayehitajika ili kuwe na kufukuzana, na kwa kuwa hatujui anataka nini, dakika kumi na mbili za mwisho zina purukushani nyingi na uzito mdogo. Tulikuwa tumetumia nguvu zote kwa mahasimu wawili, tukasahau kwamba adui wa pamoja ndiye anayepima jinsi walivyobadilika. Kosa la pili ni la karatasi. Mwandishi wa kazi mama, ambaye ndiye aliyembuni Tingo, hakuulizwa hadi filamu ilipokuwa mezani kwa mhariri. Alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za namna hii, na makubaliano ya kuzitumia yalipaswa kuandikwa kabla ya kamera kuwashwa. Mapatano yalifikiwa kwa kumpa sehemu ya mapato na jina lake kutangulia mwanzoni mwa filamu, ingawa kufika hapo kulichukua wiki tano ambazo zingetosha kuiandika upya sehemu ya adui.

Kuhusu kuumia kwa msaidizi wa kamera, sikubaliani na wale kikundini wanaosema ilikuwa bahati mbaya. Matope yalionekana na kila mmoja wetu tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nilikuwapo. Tangu wakati huo kikundi kimempa mtu mmoja kazi ya kukagua ardhi, breki na kofia ngumu, na kumpa mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuulizwa sababu. Mtu huyo ni yule msaidizi aliyeumia.

Mwandishi wa kazi mama sasa anaandika filamu nyingine tanzu, ambayo mhusika wake mkuu ni mjane wa viazi, na mkataba wake umesainiwa kabla ya ukurasa wa kwanza.